Antena ya Nyumba ya Irja

Saima Kujanpää alikuwa na mazoea ya kutazama mapaa. Akipita barabara ya Kortesalmi na ile sleji yake ya kusukuma kwa mguu, macho yalikuwa juu kwenye mabomba ya moshi badala ya kwenye barafu, na mara mbili alishaanguka kwa ajili hiyo, mara moja mbele ya mchungaji wa parokia. Paa lenye antena lina televisheni chini yake, na palipo na televisheni hakai mwamini. Hesabu ndiyo hiyo, na sisi sote waamini wa nyumba ya sala tuliihesabu hivyo hivyo miaka ile ya sabini. Saima alituzidi bidii tu.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto tisa, mikono mikubwa, na mume mpole aitwaye Arvi, aliyeendesha lori la kukusanya maziwa. Alipenda kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za nyumba yake aliziziba kweli. Redio ilikuwepo, maana mkulima sharti asikie hali ya hewa na mwamini sharti asikie ibada. Lakini Arvi alishafunzwa kukifikia kitufe kabla mtangazaji hajamaliza neno la mwisho la habari, kwa sababu baada ya habari huja muziki wa dansi. Katika miaka kumi na minane ya ndoa Arvi alichelewa labda mara nne, na zote alikumbushwa.

Kile kitabu cha picha za bidhaa za kuagiza kwa posta kilipofika kila vuli, Saima aliketi nacho mezani na bakuli la gundi ya unga, akazibandika kurasa za nguo za ndani zote kwa pamoja mpaka zikawa ubao. Watoto walijua kwamba kurasa za wanasesere zinaanzia pale ubao unapoishia. Mwaka mmoja Arvi alitafuta suruali nzito za kuvaa ndani akakuta nazo zimo humo kwenye ubao.

"Mama watoto, na mimi nitavaa nini kwenye baridi hii?"

"Za mwaka jana zina nini?"

"Matundu."

"Matundu yanashonwa," alisema Saima, na akayashona.

Shule ilipoonyesha filamu, watoto wa Kujanpää walitolewa darasani wakaenda kupanga kuni bandani. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwamba hajawahi kuona kuni zilizopangwa vizuri namna ile. Ufa uliobaki ulikuwa dirisha la jirani, Pesonen, aliyekuwa na televisheni. Siku moja binti zake Tuulikki na Maire, wa miaka kumi na miwili na kumi, walirudi masikio yamekuwa meupe kwa baridi.

"Mlikuwa wapi nyie?"

"Kwa Pesonen," alisema Tuulikki.

"Ndani?"

"Nje."

"Nje mnafanya nini saa nzima?"

Tuulikki alitazama viatu vyake. Maire hakuwahi kuujua uongo tangu azaliwe. "Wanaruka na skii kwenye theluji, mama. Wa nchi yetu ameongoza."

Saima aliwasugua masikio mpaka yakapata joto, kisha akawaketisha kwenye benchi akawaeleza. Hakupiga. Aliwaambia macho hayana pazia, likishaingia limeingia. Wasichana wakaomba msamaha, naye akamshika kila mmoja shingoni akamwambia yale maneno: amini kwamba dhambi zako zote zimesamehewa, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Hapo jambo likaisha, wakala uji.

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa mambo yetu yote. Mwamini humwambia mwamini, mama kwa mtoto, na hata mtoto kwa mama, na linalosemwa hivyo duniani limesemwa mbinguni. Aliye nje ya imani hana uwezo huo. Akiyatamka ni sauti tu. Saima aliyapenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na kilichomtia hofu maishani kilikuwa kimoja, kwamba mtu wake atakufa akiwa nje.

Mdogo wake Irja alikuwa mcheshi. Tangu utotoni Saima alibeba ndoo na Irja alibeba maneno, ndivyo mama yao alivyosema. Waliolewa katika mwaka mmoja, wakazaa kwa kupokezana, na kila Alhamisi walikunywa kahawa kwa mmoja wao. Kisha Oktoba ya mwaka sabini na tano, Irja na mumewe Onni walinunua nyumba kubwa zaidi ng'ambo ya ziwa, kwa mzee mmoja asiye mwamini aliyehamia mjini kwa mwanawe. Nyumba ilikuwa na ghala, zizi la ng'ombe wanane, na juu ya paa antena.

Alhamisi ya kwanza Saima alisimama uani muda mrefu kabla ya kuingia.

"Naona mmenunua nyumba yenye kila kitu," alisema.

"Kila kitu, dada. Hata choo cha ndani."

Irja alicheka. Saima hakucheka, wala hakuuliza. Kwetu kumuuliza mtu habari za roho yake ni upendo, tulihubiriwa hivyo kila mara, na Saima alimuuliza kila mtu isipokuwa huyo mmoja. Aliogopa jibu. Ziara za Alhamisi zikapungua. Mara mtoto anakohoa, mara barabara ina theluji.

Mwanzoni mwa Machi Saima alikuwa akirudi kutoka kwa mgonjwa, giza linaanza kushika, akaona mwangaza wa buluu kwenye dirisha la sebule ya Irja. Alisimama barabarani. Mwangaza ule ule aliuona jioni nyingine mbili, na jioni ya tatu hakuwa amepita kwa bahati. Kila mara alirudi nyumbani bila kubisha hodi, akalia kwenye banda la kuni ili watoto wasimwone. Kisha akaenda kumwambia Mzee Ylitalo, msimamizi wa nyumba yetu ya sala.

Mkutano uliitwa Jumapili, saa nane mchana. Mikutano ya aina ile ilikuwa mingi miaka hiyo, ya kutunza roho, tuliiita, na mtu aliyeitwa mbele alikaa kwenye kiti peke yake. Onni alikuwa zizini na ng'ombe anayezaa kwa shida. Irja alikuja na koti lake zuri.

"Dada Irja, kuna wasiwasi," alianza Mzee Ylitalo. Alikuwa mfuga nguruwe, mwenye sauti laini kuliko wote.

"Uko wapi wasiwasi huo, Mzee?"

"Juu ya paa lako."

"Ile antena ni ya mwenye nyumba wa zamani. Imefungwa kwa boliti kwenye bomba la moshi, na bomba lenyewe ni bovu. Onni anaogopa kulivunja wakati wa baridi, tusije tukakosa moto. Fundi wa matofali akija kiangazi, itashuka."

"Na chini yake?"

"Chini yake tuko sisi."

Mtu nyuma akasema, "Lisemwalo lipo." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo Saima akasimama. Alisimama kwa upendo, na hilo lazima lisemwe kwa sababu ni kweli. Alidhani mdogo wake akikiri atasamehewa pale pale, watalia kidogo, watarudi nyumbani pamoja. "Nimeona mwangaza wa buluu dirishani," alisema. "Jioni tatu."

Irja aligeuka kitini akamtazama. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni. "Jioni tatu umesimama barabarani kwangu, dada? Hukubisha hodi hata moja?"

"Tujibu kuhusu mwangaza," alisema Mzee Ylitalo.

"Sijibu. Njooni mtazame. Mlango wangu hauna kufuli."

"Hatupekui nyumba, dada. Tunaitazama roho. Roho iliyo sawa huinama."

"Iiname kwa lipi? Sina televisheni. Mnataka nitubie hewa?"

Waliendelea naye mpaka saa kumi na moja. Kila aliyesimama alisema maneno mazuri, na kila neno zuri lilimfanya Irja akaze shingo zaidi. Kadiri alivyokaza shingo ndivyo ilivyoonekana wazi kwamba ana roho mbaya. Mwishoni ikaulizwa nani anaona kwamba dada Irja hayumo tena katika imani. Mikono ikapanda. Wa Saima ulipanda. Wa Arvi ulifika usawa wa bega ukasimama hapo. Mlangoni, pale tunapopeana mikono na kuambiana "Amani ya Mungu", hakuna aliyempa Irja mkono. Alitafuta viatu vyake peke yake katika rundo la viatu, na havikuonekana upesi.

Tangu siku hiyo Saima akikutana na mdogo wake dukani alimwambia "Habari za leo", kama unavyomwambia mtu wa posta. Kila usiku alimwombea. Julai fundi wa matofali alifika, bomba la moshi likajengwa upya, antena ikashushwa. Saima alipoona paa tupu alijisemea kwamba sasa wameificha.

Agosti, siku ya mvua, Arvi aliingia jikoni akavua kofia na kukaa bila kuomba chakula.

"Ni miche," alisema.

"Miche gani?"

"Ya nyanya. Nimenyeshewa kule kwa Onni nikaingia kunywa kahawa. Sebuleni, chini ya dirisha, kuna rafu, na juu ya rafu taa ya tyubu, ile yenye mwanga wa baridi, wa buluu. Irja alianza kuotesha nyanya humo Machi, kisha akazihamishia nje kwenye banda la nailoni. Rafu nimeiona, taa nimeiona, nyanya nimekula."

Saima aliendelea kukanda unga. "Labda televisheni walishaiuza."

"Mama watoto," alisema Arvi.

Unga wa siku hiyo haukuumuka, maana aliukanda mpaka ukafa. Alikuwa amesema mbele ya watu wote jambo ambalo hakuliona. Aliona taa ya nyanya akasema televisheni, na kwa neno lake mdogo wake alikuwa nje, pale pale Saima alipoogopa maisha yake yote mtu wake asije akafia.

Alikwenda kwa Mzee Ylitalo akamkuta kwenye banda la nguruwe, akamweleza kila kitu akiwa amesimama kwenye matope.

"Hatukumtoa kwa televisheni, dada," alisema Mzee, ndoo mkononi. "Tulimtoa kwa kiburi."

"Kiburi hicho kilitoka wapi, Mzee? Si kwangu?"

"Mkutano ulikuwa na neno moja. Ukianza kulifungua hili utafungua na mengine, na yako mengi." Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa mtu mwenye hofu kama Saima tu. "Kama moyo unakusumbua, amini kwamba dhambi zako zote zimesamehewa, kwa jina la Yesu na kwa damu yake."

Saima alishukuru. Njiani alingoja ule wepesi anaoujua, ule unaokuja kila mara baada ya maneno hayo. Alifika nyumbani na haukuja. Kwa mara ya kwanza maishani hayakufanya kazi, naye akaogopa vibaya sana.

Alijua aende wapi. Hapa sina la kumtetea, maana alikaa miezi mitano bila kwenda. Kwanza viazi, kisha kuchinja, kisha Krismasi. Na katikati ya hayo, mwezi wa Oktoba, Onni alichoka. Alisema kama ameshaitwa mwizi wa kuku basi angalau na amle huyo kuku, akaenda mjini akarudi na televisheni nyuma ya trekta, imefunikwa blanketi. Antena ikapanda tena kwenye lile bomba jipya. Methali ile watu huikata katikati. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Watu wa nyumba ya sala waliona paa wakasema, mnaona sasa. Saima aliona paa akajua kwamba ile aliileta yeye, kama vile ameibeba mgongoni mwenyewe.

Alikwenda Jumamosi moja ya Januari, saa tisa alasiri. Njia nzima alijifunza kusema "Amani ya Mungu" mlangoni, amsalimu Irja kama mwamini, liwalo na liwe. Mlango ukafunguliwa, na mdomo ukatoa ulichozoea: "Habari za mchana."

"Za mchana nzuri," alisema Irja. "Ingia, baridi inaingia."

Sebuleni wasichana wawili wa Irja walikuwa wamelala kifudifudi kwenye zulia. Televisheni ilikuwa ikionyesha watu wakiruka na skii, mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye mnara, na mtangazaji alikuwa akipiga kelele. Saima hakuwa ameiona karibu hata siku moja. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Alichagua kiti kilichoipa mgongo.

Irja alileta kahawa na mkate wa iliki, akakata vipande vinene kama mama yao alivyokata.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Saima. "Nilisema nisichokiona. Ilikuwa miche."

"Ilikuwa miche."

"Tangu Agosti najua."

"Na mimi najua kwamba unajua tangu Agosti. Arvi hawezi kuficha kitu, alimwaga kahawa kwenye kitambaa changu." Irja alikoroga kikombe ambacho hakuwa ametia sukari. "Nilikungoja Septemba yote, dada. Kila baiskeli iliyopita barabarani nilikwenda dirishani."

Saima alilia. Alilia kwa sauti mpaka wasichana wakageuka, na Irja akawaambia waende kutazama ndama. Wakaenda, mmoja akitembea kinyumenyume ili aone mrukaji wa mwisho.

"Nisamehe," alisema Saima. "Niambie yale maneno."

"Mimi? Mimi niko nje. Mlisema wenyewe, nikiyatamka ni sauti."

"Najua tulichosema. Nakuomba wewe. Nimeshapewa na mwingine, hayakuingia."

Irja aliweka kijiko chini. Alifungua kinywa mara moja akakifunga. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Saima.

"Siyo kwamba nakunyima," alisema Irja taratibu. "Ningekuwa nakunyima ningekwambia, unanijua. Nimeyatafuta sasa hivi, hayapo. Kiangazi nilikuwa nayo, nilikuwa nawaambia watoto kitandani. Kisha nikaona nawaambia kwa mazoea. Kisha nikaacha." Akasukuma sahani ya mkate kuelekea kwa dada yake. "Nina maneno yangu mwenyewe. Nimekusamehe, dada. Nilikusamehe zamani kidogo. Yatatosha?"

Saima alifundishwa kwamba hayatoshi. Hata mwalimu wa watoto wa Jumapili angemwambia hayatoshi. Alimtazama mdogo wake, na nywele zake ambazo sasa alizikata fupi. "Yatatosha," alisema. Kisha akaharakisha, "Lakini rudi, Irja. Jumapili nitasimama niseme yote, nitawaambia ni mimi. Watakupokea."

"Sema kama itakusaidia wewe. Usiseme ili nirudi." Irja alimwongezea kahawa. "Nitakwambia kitu, usikasirike. Zamani nililala huku nikihesabu, leo nimecheka mno, leo nimemtazama nani, nani ameniona. Siku hizi nalala, dada. Nalala usingizi mzuri."

Saima alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kupigwa mlango usoni. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Jumapili alisimama, akasema. Mzee Ylitalo akasema dada Saima amechoka na apumzike, na wimbo ukaanzishwa. Mlangoni baadhi walimpa mkono na baadhi walitafuta viatu vyao kwa muda mrefu. Majira mawili ya baridi alikaa hivyo, nusu ndani nusu nje, Arvi pembeni yake. Miaka ikapita, watu wakapoa, mikutano ile ikaisha bila mtu kutangaza kwamba imeisha. Nyumba yake aliendelea kuilinda. Televisheni haijaingia mpaka leo. Aliacha kitu kimoja tu, kumwambia mtu jambo la mtu mwingine.

Irja hakurudi. Saima anamwombea kila usiku, na Irja anajua, na hawalizungumzii. Alhamisi hukutana kwa kahawa ng'ambo ya ziwa, wote wawili sasa wana mvi, na Saima huchagua kile kiti cha kuipa televisheni mgongo. Irja hupunguza sauti bila kuombwa.